Kichwa kinachokuja baada ya soko: mwili, mawazo na kipandauso

Haya ni maongezi niliyotoa Urambo kwenye mkutano wa wakulima wa tumbaku na familia zao. Watu wameniomba niyaandike maana waliokaa nyuma walisema spika ilikuwa inakatakata. Nimeyaacha jinsi nilivyoongea, pale nilipojirudia ndo nimepunguza, na maswali machache nimeyaweka mwishoni.

Mheshimiwa mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, vijana mambo vipi. Mwangaluka! (Ukumbi: mwangaluka mhola!) Eeh, hapo sasa mko hai.

Mwenyekiti kaninong'oneza nisizidishe muda kwa sababu baada yangu kuna ajenda ya mbolea na najua hiyo ndo imewatoa nyumbani, kwahiyo sitazunguka. Mi ni tabibu, nakaa na wagonjwa kila siku, na kuna sentensi moja ambayo naisikia kila mahali, nyumbani, kanisani, msikitini, hata kwa sisi wenyewe wa kwenye makoti meupe. Mtu anaumwa kichwa kila mwezi, anaambiwa "punguza mawazo." Basi, katibiwa, arudi nyumbani. Leo nataka niwaambie kwa nini hiyo sentensi haimsaidii mtu mwenye kipandauso, na pia nataka niwaambie kitu ambacho wengi hawakitegemei, kwamba mara nyingi kichwa hakiji wakati mawazo yamepanda. Kinakuja wakati yameshuka.

Kwanza tujue tunaongelea kichwa gani. Ni kile cha upande. Kinaanza jichoni au kwenye panja, kinadunda na mapigo ya moyo, ukiinama kuinua ndoo kinazidi, mwanga hutaki, sauti za watoto hutaki, jirani akikaanga vitunguu unatapika. Kisipotibiwa kinaweza kukaa na wewe kuanzia saa 4 mpaka saa 72, yani siku 3. Wengine kabla hakijaanza wanaona vimulimuli, mistari ya kumetameta inayopindapinda, au midomo na vidole vinafa ganzi, dakika 20 au 30 hivi, alafu ndo kinaingia. Duniani wanaoumwa hivi ni zaidi ya watu bilioni 1, na hapa hapa Tanzania watafiti walishapita vijijini kule kaskazini upande wa Haydom wakakuta karibu watu 4 katika kila 100 wamekipata ndani ya mwaka mmoja. Kwenye ukumbi huu basi mpo wa kutosha. (Mikono inanyooshwa.) Naona mikono, asanteni, shusheni.

Huku kwetu kichwa kikiuma jibu la kwanza ni malaria, na la pili ni presha. Sawa, pima. Kipimo cha malaria cha kutoboa kidole majibu unayapata baada ya muda mfupi, na presha pima. Ila ukipima malaria hamna, presha iko vizuri, na kichwa kinarudi kwa staili ile ile mwezi hadi mwezi, acha kumeza mseto kwa kubahatisha. Na nyie wa tumbaku mna la kwenu la ziada, ukichuma majani yakiwa na umande au mvua imetoka kunyesha, nikotini inapita kwenye ngozi unapata kichwa, kizunguzungu na kutapika siku hiyo hiyo, hiyo ni sumu ya jani bichi na sio kipandauso, dawa yake ni kubadili nguo zilizolowa, kuoga kwa sabuni, na siku nyingine kusubiri jani likauke au kuvaa glavu na kitu kisichopitisha maji. Tuliache hilo, linataka siku yake.

Sa njooni kwenye mwili. Tuanze na mwili wa mtu yeyote, hata asiyeumwa kichwa. Uko mstarini unachuma, unasogeza jani la chini, koboko huyu hapa kainua kichwa. Kabla hujafikiria chochote ubongo umeshapiga kelele, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zimemwaga adrenalini kwenye damu, moyo unaenda mbio, pumzi fupi fupi, damu imetoka tumboni imekimbilia kwenye miguu, ini limefungua sukari, mboni ya jicho imetanuka, misuli ya shingo na mabega imekaza. Hayo yote ndani ya sekunde. Baada ya dakika kadhaa inakuja homoni ya pili, kotisoli, yenyewe kazi yake ni kuhakikisha sukari ipo, mwili unabaki macho, na uvimbe na maumivu vinazimwa kwanza mpaka hatari ipite. Ndo maana mtu anaweza kukimbia na mguu umechanika asisikie, anakuja kusikia akishafika nyumbani. Mmarekani mmoja, Walter Cannon, aliyaeleza haya mwaka 1915, kwamba mwili unajiandaa kupigana au kukimbia, na mwaka 1936 mtafiti mwingine, Hans Selye, akaonyesha kwamba mwili ukisumbuliwa na mambo tofauti kabisa, baridi, jeraha, sumu, bado unajibu kwa njia ile ile.

Hapo ndo pa kushika. Mwili hauna mfumo mmoja wa koboko na mwingine wa deni la pembejeo. Deni, mteuzi, yule anayepanga ubora wa jani sokoni, kushusha daraja la tumbaku yako, mtoto kachaguliwa kidato cha kwanza na godoro hujanunua, mume kapiga simu jana, leo ukimpigia hapokei, vyote vinapita mlango mmoja, adrenalini na kotisoli. Tofauti ni kwamba koboko anaondoka au unaondoka wewe. Deni linalala na wewe kitandani. Mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya dakika chache unafanyishwa kazi kuanzia kwenye kitalu mpaka kwenye soko, miezi 9, 10.

Haya, sasa mtu mwenye kipandauso yeye ana nini cha tofauti? Watu wengi wanadhani ana moyo mwepesi, anajidekeza. Hapana. Tofauti iko kwenye ubongo na imepimwa. Wanamkalisha mtu mbele ya taa inayowaka na kuzima, tena na tena, huku wanarekodi umeme wa ubongo. Mtu wa kawaida, ubongo wake unashtuka mara za kwanza, alafu unazoea, unapunguza kujibu. Mwenye kipandauso, hata siku ambayo haumwi kabisa, ubongo wake mara nyingi hauzoei. Unajibu ile taa ya mia kwa nguvu ile ile ya taa ya kwanza, wakati mwingine zaidi. Fikiria sasa nyumba iko karibu na mashine ya kusaga. Wengine wote mpaka saa 4 asubuhi mmeshaisahau ile mashine. Yeye anaisikia mpya kila dakika, mpaka jioni, na hapo bado hajaingia kwenye mawazo ya deni. Ubongo wa namna hii unatumia nguvu nyingi na haupendi mabadiliko, uwe umebadilishiwa usingizi, chakula, hali ya hewa, au hizo homoni tulizotaja.

Kuna sehemu ndogo katikati ya ubongo chini kabisa inaitwa haipothalamasi. Hiyo ndo inayotoa amri ya kwanza ya kuamsha kotisoli. Na hiyo hiyo ndo inasimamia njaa, kiu, usingizi, joto la mwili. Mwaka 2016 madaktari wa Hamburg kule Ujerumani walitoa matokeo ya kazi moja ya uvumilivu kweli kweli, walimchukua mgonjwa mmoja wakampiga picha za ubongo kwa mashine ya MRI kila siku kwa siku 30 mfululizo, ili wamkute kabla kichwa hakijaanza. Wakakuta haipothalamasi imebadilika tayari siku moja kabla, kama saa 24 hivi, mtu hajaumwa bado. Maana yake nini? Maana yake shambulio linaanza kabla ya maumivu. Ndo sababu wengine siku moja kabla wanapiga miayo bila usingizi, wanakojoa sana, wanatamani vitu vya sukari, wanakuwa wakali bila sababu.

Hilo la ukali naomba akina baba mlisikilize. Mama kagombana na kila mtu jana, leo kalala na kichwa, nyumba nzima inasema si unaona, hasira zake zimempandisha kichwa. Inawezekana kabisa ni kinyume, kichwa kilikuwa kimeshaanza jana na hasira ilikuwa dalili yake ya kwanza. Ile bigijii au soda tamu anayolaumiwa nayo, hivyo hivyo, huenda aliitamani kwa sababu shambulio lilikuwa njiani. Sisemi kwamba ugomvi hauleti kichwa, unaleta. Nasema usikimbilie kumpa mtu kosa la ugonjwa wake.

Kutoka hapo moto unaenda kwenye mshipa mkubwa wa fahamu wa usoni, unaitwa trijemina, una matawi kwenye paji, jicho, taya na kwenye utando unaofunika ubongo. Ukichokozwa unamwaga kemikali, moja inaitwa kwa herufi tu CGRP, inatanua mishipa ya damu na kuongeza maumivu. Watafiti kina Peter Goadsby na Lars Edvinsson waliikuta kwenye damu ya shingoni ya watu waliokuwa katikati ya kipandauso, ikiwa juu, na kutokana na kazi hiyo Marekani mwaka 2018 ikaruhusu sindano ya kwanza ya kuizuia. Ni ghali sana, sitawapotezea muda nayo hapa.

Sasa tufike kwenye kile nilichosema cha kushuka.

Kuna mama mmoja alikuja, tumbaku wanalima yeye na mume wake. Aliingia na khanga kajifunga kichwani kakaza mpaka alama imebaki kwenye paji, akageuza kiti akakaa anaangalia ukuta kwa sababu mlango unaingiza mwanga. Nikamwambia akipona achukue kalenda ya ukutani, siku ya kichwa azungushie duara kwa peni nyekundu, siku yenye jambo lolote kubwa aandike neno moja. Aliporudi aliileta yote, imekunjwa ndani ya mfuko wa rambo. Tukaitandika mezani. Wiki zile za kukesha kwenye bani, yani banda la kukaushia tumbaku kwa moto, hana duara karibu hata moja. Wiki ya kupanga madaraja, duara moja. Siku ya soko yenyewe, hana. Kesho yake, duara. Pesa zimeingia kwenye akaunti, jioni yake, duara. Mtoto kaondoka salama kwenda bweni, kesho yake, duara. Jumapili nyingi duara. Akaniangalia akaniuliza, daktari, ina maana mi nachukia raha?

Hapana mama yangu. Mwaka 2014 kina Richard Lipton wa New York walichapisha kazi yao kwenye jarida la Neurology, watu 17 wenye kipandauso waliandika kila siku kwenye kifaa cha kielektroniki mawazo yao yakoje na kichwa kikoje. Walichokuta ni kwamba mawazo yakishuka kutoka siku moja kwenda nyingine, ndani ya saa 6 za mwanzo baada ya kule kushuka hatari ya kichwa ilipanda karibu mara 5. Kushuka! Watu ni wachache, nakubali, ila wagonjwa walishayasema haya miaka na miaka kabla ya hapo, mwalimu anasema kichwa chake kinamsubiri siku ya kwanza ya likizo, mhasibu anasema ni Jumamosi. Maelezo wanayotoa watafiti ni kwamba kile kipindi cha mawazo mengi kotisoli ipo juu, na nimeshasema kotisoli inazima uvimbe na maumivu. Ikishuka ghafla, ile ngao imeondoka na ubongo usiopenda mabadiliko umeachwa wazi. Alafu na sisi wenyewe tunaongezea, siku ya raha ndo mtu analala mpaka saa 5, anaruka chai ya asubuhi aliyoizoea, anakula saa 9, anakunywa bia mchana. Mabadiliko manne kwa mpigo.

Nyie mnajua bani kuliko mimi. Tumbaku ikiwa ndani hamkimbizi moto, mnaupandisha polepole siku hadi siku, na aliyesinzia usiku moto ukashuka ghafla wakati vikonyo bado vina maji, asubuhi anakuta jani limebadilika rangi, daraja limeondoka. Hakuna aliyemwambia mwenye bani "punguza moto" akawa amemsaidia, anachotaka ni moto usiyumbe. (Makofi, na mzee mmoja mbele anasema: hapo umeongea.) Basi kichwa cha huyu mama kinataka hivyo hivyo.

Sisemi kwamba mawazo ya muda mrefu hayana madhara ilimradi yasishuke. Yana madhara. Mwaka 1993 mtafiti Bruce McEwen na mwenzake walileta wazo la mzigo unaobaki mwilini pale mfumo wa hatari unapowashwa mara kwa mara au unaposhindwa kuzima, presha inapanda, usingizi unaharibika, sukari inayumba. Na kipandauso chenyewe ni mzigo juu ya mzigo. Mtu anaumwa, siku 2 hajaenda shamba, palizi imempita, deni limekua, sasa anaogopa kichwa kijacho, ule woga nao unaamsha adrenalini ile ile, usingizi unakata, kichwa kinarudi mapema. Kwa wengine inafika mpaka kichwa kinauma siku 15 au zaidi kwa mwezi, zaidi ya miezi 3, hapo tunaita kipandauso sugu. Weka juu yake shemeji anayesema huyu ni mvivu na jirani anayesema karogwa. Nimeona ndoa zinayumba kwa kichwa ambacho kingetulizwa na vidonge vya bei ndogo.

Kwahiyo tunafanyaje? Mi nikianza kukuambia usiwe na deni utanicheka, na utakuwa na haki. Deni halikuulizi. Tunachoweza ni kupunguza kuyumba. Saa ya kulala na ya kuamka zisipishane sana, hata Jumapili, hata siku ya malipo, kama unaamka saa 12 amka saa 12 alafu ukitaka jilaze tena mchana kidogo. Kula asubuhi, hata uji na karanga au kiazi, usiende na njaa mpaka saa 8. Maji. Chai au kahawa kama unakunywa, kunywa kiasi kile kile kila siku, ukiacha ghafla nako ni kushuka. Na siku ya soko, baada ya kupata pesa, tafadhali usizime ghafla. Kaa na kazi ndogo ndogo, tembea, fagia uwanja, teremka taratibu.

Pumzi pia. Najua mnaona ni mambo ya wazungu, ila mafunzo ya kulegeza mwili ni kati ya vitu visivyo dawa ambavyo kwenye tafiti vimepunguza mashambulizi kwa baadhi ya watu. Tujaribu hapa hapa. Shusha mabega, yapo juu masikioni, shusha, legeza taya, meno yasigusane. Vuta hewa kwa pua hesabu mpaka 4. Sasa toa polepole hesabu mpaka 6. (Kimya, alafu mtoto mmoja anacheka, ukumbi wote unacheka.) Na kucheka sawa, nako ni kutoa pumzi. Pumzi ndefu ya kutoka ndo inayopunguza mapigo ya moyo. Dakika 5 asubuhi, dakika 5 jioni, kila siku, sio siku kichwa kimeshapasuka.

Dawa. Dawa ya kutuliza unaimeza mapema, kichwa kikianza tu. Kumbuka nilisema wakati wa hatari damu inatoka tumboni. Kwenye kipandauso nako tumbo linasimama, chakula hakishuki, na kidonge ulichomeza masaa 3 baada ya kichwa kuanza kinakaa tumboni kinakuangalia, alafu unakitapika. Ndo maana wakati mwingine tunakupa na dawa ya kuzuia kutapika, ile inasukuma tumbo pia. Brufen na aspirini zinafanya kazi vizuri kwa wengi, ila mwenye vidonda vya tumbo na mjamzito asijichukulie, aulize kwanza. Na hesabu. Ukimeza panadol au brufen siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vya maumivu vya mchanganyiko, vyenye dawa zaidi ya moja ndani, na tramado siku 10 au zaidi, miezi ikifika 3 dawa yenyewe inaanza kuleta kichwa. Hili nalikuta sana, mtu kwenye pochi ana vidonge vya duka la dawa, anameza viwili kila asubuhi "kujikinga". Hujikingi. Ukiona unahitaji dawa zaidi ya siku 2 kwa wiki, njoo tukuanzishie za kuzuia.

Za kuzuia ni tofauti, unameza kila siku hata huumwi. Propranololi ni moja, mnaijua kwenye presha, yenyewe inazuia adrenalini isiguse moyo na mishipa, na kwa wenye kipandauso inapunguza idadi ya mashambulizi. Mwenye pumu hapana, amwambie daktari kabisa. Nyingine ni amitriptilini, dozi ndogo usiku. Hii inaleta kesi kwa sababu mtu akienda kuuliza kwa jirani mwenye simu anaambiwa ni dawa ya wagonjwa wa akili, anatupa chooni. Jamani, dawa moja inaweza kuwa na kazi mbili. Zote mbili zinahitaji subira, miezi 2 mpaka 3 ndo uhukumu, na usiache ghafla, mnajua tena habari ya kushuka ghafla.

Na kuna kichwa cha kukimbia nacho hospitali usiku huo huo. Kilichokuja ghafla kwa nguvu zote ndani ya dakika moja. Kichwa na homa na shingo imekaza. Kichwa na mkono au mguu umelegea, mdomo umepinda, au kuchanganyikiwa. Kichwa baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda. Kichwa kipya kwa mjamzito au aliyejifungua karibuni, au kwa mtu wa miaka 50 na kuendelea ambaye hakuwa nacho. Hivyo usivipe jina la kipandauso wala la mawazo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali matatu tu.

Kijana wa nyuma kauliza kwa nini akina mama ndo wengi. Swali zuri kwa sababu jibu ni lile lile. Utotoni wavulana na wasichana hawapishani sana. Wakivunja ungo wanawake wanapanda, mpaka mara 2 hadi 3 ya wanaume. Homoni ya kike, estrojeni, siku chache kabla ya hedhi inashuka ghafla, na kwa wengi kichwa kinakuja hapo hapo. Wengi wakiwa wajawazito, homoni ikiwa juu na imetulia, kinapungua. Wakishajifungua inaporomoka, kinarudi. Tena kushuka.

Mama mmoja kauliza vidonge vya majira. Kama kichwa chako hakina vimulimuli, ongea na nesi, vinaweza kuendelea au vikabadilishwa. Kama unaona vimulimuli kabla ya kichwa, vile vyenye homoni mbili haviruhusiwi, vinaongeza hatari ya kiharusi. Usiviache leo ukabaki bila kitu, nenda ubadilishiwe, kuna vya homoni moja, kuna kijiti, kuna kitanzi. Na mwambie nesi neno vimulimuli mwenyewe, usisubiri akuulize.

Mzee wangu pale kauliza kuhusu Ramadhani, kwamba kila mwaka siku za mwanzo kichwa kinamuua alafu kinatulia. Mzee shikamoo. Hapo mwili unabadilishiwa usingizi, maji, chakula na kahawa kwa siku moja. Wiki 2 kabla anza kupunguza kahawa kidogo kidogo, daku usiiruke na uisogeze karibu na alfajiri, maji ya kutosha usiku. Kama unatumia dawa ya kuzuia njoo mapema tupange saa za kumeza. Na kikikuzidi ukatapika, dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, hilo muulize shehe wako sio mimi.

Wenye maswali ya pembeni, dada wa maabara yuko pale chini ya mwembe na mashine ya presha na vipimo vya malaria. Waanze wajawazito na wazee. Kalenda tumeleta kiasi, zisipotosha tumia daftari la mtoto. Mwenyekiti, karibu kwenye mbolea.